Datsun 240Z ya mwaka gani? Yaliyotufikisha kwenye 1972

Mtu wa Arusha au Moshi anayetaka Datsun Z ya kuendesha, si ya kufunika turubai, atafute 240Z ya usukani wa kulia iliyotoka kiwandani kati ya katikati ya 1971 na mwisho wa 1972. Jibu hili lilichelewa kutufikia, kwa sababu kila tuliyemuuliza alitaja mwaka wake kwa sababu zake. Mkusanyaji anataka ya 1970 kwa kuwa ni ya mwanzo. Aliyeishi Marekani anasifia 280Z kwa kuwa ina injekta. Mzee aliyekuwa akikaa kando ya barabara enzi za mbio za magari za Safari anataka ile aliyoiona ikipita. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anafikiria vumbi la Njiro, matuta ya Usa River au mlima wa kutoka Himo kwenda Marangu. Hapa naeleza jinsi uchaguzi unavyokwenda hatua kwa hatua, pesa zinakopotelea, na kazi inayolisubiri gari baada ya kushuka bandarini.

Mapenzi ya gari hili katika ukanda wetu yana mizizi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na Lofty Drews katika gari la aina hiyohiyo. Ushindi huo umewadanganya wanunuzi wengi. Magari ya mashindano yalikuwa yameinuliwa, yamefungwa bamba la chuma chini ya injini, na yalikuwa na mafundi wa kiwanda wakiyasubiri njiani. 240Z ya dukani iko chini na bomba lake la ekzosi linaning'inia, na ukiingia nalo Ngaramtoni wakati wa masika ukiamini wewe ni Mehta, utarudi na bomba mkononi.

Hatua ya kwanza ni kuujua ukoo. Bodi yote inaitwa S30. Ilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z na ikaendelea kutengenezwa hadi 1978. Magari mengi ya soko la Japani yalikuwa na injini ya L20 yenye sentimita za ujazo 1,998. Ya kuuzwa nje yaliitwa 240Z na yalipewa L24 yenye 2,393. Kuanzia 1974 ikaja 260Z yenye L26 ya 2,565, kisha 1975 ikaja 280Z yenye L28 ya 2,753 na injekta za Bosch. Zote ni silinda 6 kwa mstari, bloku ya chuma, silinda hedi ya aluminiamu na kemshafti moja juu.

280Z ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye orodha, ingawa injini yake ni tamu. Iliuzwa Amerika Kaskazini tu, kwa hiyo usukani wake uko kushoto. Kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, nyuma ya lori lililobeba saruji, dereva wa usukani wa kushoto amekaa upande wa mtaro na haoni kinachokuja mpaka bodi yote iwe imeshatoka kwenye njia. Kuhamisha usukani ni kazi ya kubadili reki, pedali, dashibodi na sehemu ya ukuta wa mbele. Sijawahi kuona sababu ya kufanya hivyo kwenye Z wakati zipo zilizotoka kiwandani na usukani wa kulia, hasa zilizouzwa Uingereza, Australia na Japani. Namba ya chesisi inakueleza mara moja: HLS30 ni ya usukani wa kushoto, HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, RS30 ni 260Z ya usukani wa kulia, na GRS30 ni 260Z ya viti vinne.

Sasa mwaka wenyewe. Magari ya 1970 hadi mwanzo wa 1971 yanatambulika kwa maandishi 240Z kwenye nguzo ya nyuma ya dirisha na matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Matundu hayo yalileta kero ya kweli, kwani moshi wa ekzosi ulikuwa unafyonzwa ndani gari likiwa mwendoni. Mapema 1971 kiwanda kiliyaondoa, kikahamishia matundu kwenye nguzo na kuweka nembo ya duara yenye herufi Z. Magari hayo ya mwanzo yana giaboksi ya kundi A, ambayo kengele yake ya klachi, yaani kasha linalofunika klachi, ni kipande cha peke yake, na spea zake ni adimu. Difu yake imekaa mbele kidogo, kwa hiyo shafti fupi za kwenda kwenye matairi ya nyuma zinazunguka zikiwa zimepinda na krosi zake, yaani viungo vya shafti, huchakaa mapema. Juu ya yote hayo, ndiyo magari ghali kuliko wenzake kwa sababu wakusanyaji wanayagombania. Unalipa zaidi upate gari lenye kasoro ambazo kiwanda chenyewe kilizirekebisha.

Katikati ya 1971 difu ilisogezwa nyuma kwa milimita 35, shafti zikanyooka. Muda mfupi baadaye ikaingia giaboksi ya kundi B, ambayo kengele yake na kasha ni kipande kimoja. Ukoo wake ulidumu miaka mingi kwenye pikapu za Datsun na Nissan, ndiyo maana beringi na sinkronaiza zake bado hupatikana. Dashibodi na viti navyo vilitengenezwa upya kidogo. Kabureta zilibaki zile nzuri, Hitachi mbili za vichwa vya mviringo zinazofanya kazi kama SU za Kiingereza. Kwa maneno mengine, gari la 1972 limeshasahihishwa na bado halijaharibiwa na sheria za moshi za Marekani.

Uharibifu huo ulianza na magari ya Marekani ya 1973. Kabureta zilibadilishwa, zikaja zenye vifuniko bapa juu na njia za maji ya moto chini yake. Petroli inachemka ndani ya kabureta gari likisimama likiwa la moto, kisha linakataa kuwaka au linamisi mpaka lipoe. Hebu fikiria Moshi mchana wa Februari, umezima gari dakika kumi ununue nyama, unarudi na haliwaki. Mafundi wengi duniani walizitupa na kurudisha za mviringo. Kwa gari la usukani wa kulia la 1973 au 1974 usibishane na karatasi. Omba picha ya boneti ikiwa wazi. Ukiona makopo mawili ya mviringo yaliyosimama kama kuba, endelea na mazungumzo. Ukiona vifuniko bapa vya mraba, toa bei ya kabureta mbili kwenye unachotaka kulipa.

260Z inastahili kutajwa kwa heshima. Ilitengenezwa kwa masoko ya nje ya Marekani hadi 1978, bodi yake ni ngumu zaidi, waya na vidhibiti vya ndani vimeboreshwa, na L26 inavuta vizuri chini kwa sababu mwendo wa pistoni ni mrefu, milimita 79 badala ya 73.7, huku tundu la silinda likibaki 83. Ya viti vinne ina urefu wa sentimita 30 zaidi kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Sura yake haipendwi sana, na kwa hiyo bei yake huwa chini. Kama pesa yako inatosha 240Z iliyooza au 260Z nzima, chukua 260Z bila kusitasita. Mwaka mzuri haufufui bati lililokufa.

Kuna njia ya nne ambayo watu wetu huisahau, nayo ni Fairlady Z ya Japani yenye L20. Nguvu yake ni ndogo, farasi 130 kwenye karatasi dhidi ya 151 za L24, na kwa mwinuko wa Arusha zote mbili hupungua. Lakini 1,998 iko chini ya mstari wa 2,000, na mstari huo unahesabika TRA, mamlaka ya mapato. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima. Juu ya jumla hiyo unawekwa ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya kati ya 1,000 na 2,000, asilimia 10 kwa inayozidi 2,000. Juu ya jumla mpya inawekwa VAT ya asilimia 18. Gari la shilingi 100 bandarini linakuwa takribani shilingi 155 likiwa na L20 na shilingi 162 likiwa na L24, kabla ya nyongeza ya ushuru kwa magari yaliyozidi miaka 10 na tozo nyingine ndogondogo. Nyongeza hiyo ya uzee ni kubwa na ndiyo inayowashtua watu. Viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo hesabu ifanywe na wakala wa forodha kabla hujatuma hata senti kwa muuzaji. Tena TRA haifungwi na bei ya kwenye risiti yako, inaweza kuweka thamani yake. Tuliona watu wakipata gari kwa bei ya kirafiki nje ya nchi wakaamini kodi itafuata urafiki huo. Uchungu wake ni mkubwa, maana gari liko bandarini na gharama za kukaa pale zinaongezeka kila siku.

Ukishachagua mwaka, kazi inayofuata ni kuhakikisha gari ni la mwaka huo kweli. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi za nje mara nyingi ni wa usajili wa kwanza. Gari lililotengenezwa mwisho wa 1970 likauzwa 1972 lipo, na linatangazwa kama la 1972. Magari ya Marekani yana kibao kwenye fremu ya mlango chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, lakini HS30 mara nyingi hazina. Hapo unatazama vitu vitatu. Kwanza, lebo zilizoshonwa kwenye mikanda ya viti, kama ni mikanda ya asili, huwa na tarehe. Pili, giaboksi: kama kengele imefungwa kwa boliti kwenye kasha, ni kundi A. Tatu, chungulia chini kutoka pembeni. Shafti fupi zikienda moja kwa moja toka difu hadi tairi, difu imeshasogezwa. Zikipinda mbele waziwazi, gari ni la kabla ya katikati ya 1971.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kwenye mnara wa shokapu ndani ya boneti kuna kibao chenye namba hiyohiyo na namba ya injini. Namba ya injini yenyewe imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na silinda ya 6, ikitanguliwa na L20, L24, L26 au L28. Zote zilingane na karatasi. Namba ya chesisi isipolingana, acha, hata gari liwe zuri namna gani, kwa sababu ukaguzi na usajili hapa nchini utakwama. Injini isipolingana si dhambi kwa mtu wa kuendesha. Kuna Z nyingi za 1972 zilizofungwa L28, na hiyo kwa kweli ni heri kwako: L28 iliwekwa pia kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980, kwa hiyo spea zake ziko karibu kuliko za L24. Ila kodi itafuata ukubwa wa injini, na karatasi lazima zitaje injini iliyomo.

Sasa kutu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kuliko sehemu nyingine yoyote. Z haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Bati lake ni jembamba na kiwanda hakikulikinga vya kutosha. Mwambie muuzaji atume video, si picha, akitembeza sumaku iliyofungwa kwa kitambaa. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Aanze chini ya betri, upande wa abiria karibu na ukuta wa mbele: tindikali hula sinia, kisha ukuta, kisha reli ya chini yake. Aende kwenye kipande cha bodi kilicho kati ya mlango na tairi la nyuma, ambako tope hukusanyika ndani na kula kutoka ndani kuja nje, kiasi kwamba ukiona kipele kimoja nje, ndani kumeshatoboka. Ainue zulia na kuonyesha sakafu zote mbili. Atoe tairi la akiba aonyeshe shimo lake. Afungue mlango wa nyuma aonyeshe bati la kufungia chini ya kitasa. Amalizie kwa reli mbili za mbele chini ya injini, hasa pale mikono ya sospensheni ya mbele inapofungwa. Reli hizo zikiwa zimeoza, gari litakuwa limepinda au litapinda.

Magari ya Uingereza yamekula chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Ya Australia, yasiyotoka pwani, huwa na bati zuri zaidi lakini dashibodi na raba zimekaushwa na jua. Dashibodi iliyopasuka inaudhi jicho, ila haikuzuii kufika Moshi. Chagua kupasuka huko kuliko tundu kwenye reli.

Kama kuna kazi ya bati ya kufanywa hapa, fundi atumie mashine ya kuchomelea ya MIG. Mashine ya fito inachoma bati hili na kuacha matundu, kisha yanazibwa kwa puti, na baada ya masika mawili unarudi palepale. Kata hadi ufikie bati linalong'aa, weka bati jipya, chomelea kwa nukta zilizoachana ili joto lisipinde bodi, paka praima ya zinki, na ndani ya vizingiti mwaga nta ya kuzuia kutu. Fundi akikuambia atabandika tu kipande juu ya kutu, mshukuru na uondoke. Kwa bajeti, weka kando nusu ya bei ya gari kwa ajili ya bati na raba, na usiiguse kwa ajili ya rimu wala redio.

Gari likifika, usiliwashe na kulipeleka Arusha kwa furaha. Tangi la lita 60 lililokaa miaka lina kutu chini yake, na kutu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Lishushe, lioshe, weka chujio kipya kabla ya pampu na kingine kabla ya kabureta. Badilisha mipira yote ya petroli, pamoja na ile ya kupumulia iliyojificha nyuma ya plastiki upande wa nyuma ndani ya gari. Harufu ya petroli ndani ya Z karibu kila mara inatoka kwenye mipira hiyo. Harufu ya moshi ni jambo jingine: inaingia kwa raba ya mlango wa nyuma, kwa gasketi za taa za nyuma, na kwa vitundu vya waya. Badilisha zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja moja utaendelea kuumwa kichwa na hutajua ni ipi.

Kisha pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, kabureta zikiwa wazi kabisa. Usikatishwe tamaa na namba. Hewa ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila silinda itasoma chini ya kitabu. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 au 15 ndipo utafute sababu. Mwaga kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni vali. Silinda hedi ya magari ya mwanzo imeandikwa E31, na ya baadaye E88. Zina viti vya vali laini vya aina ya shaba, vilivyotengenezwa wakati petroli ina risasi, na risasi hiyo haipo tena kwenye vituo vyetu tangu 2006. Ukiifungua hedi kwa sababu yoyote, weka viti vigumu siku hiyohiyo. Usifungue kwa ajili ya viti peke yake. Seti tapeti na uzifuatilie. Uwazi ukiwa baridi ni milimita 0.20 vali ya kuingiza na 0.25 ya kutoa. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Tapeti zinazojibana zenyewe kila baada ya muda mfupi ndizo zinazokuambia viti vinazama.

Kabureta zilizosetiwa usawa wa bahari zitakuwa na petroli nyingi Arusha. Dalili ni plagi nyeusi zenye masizi, moshi mweusi ukikanyaga mafuta, na gari kulala kwenye mlima. Usianze kwa kubadilisha sindano. Hakikisha kwanza pistoni za kabureta zinashuka zenyewe na kugonga chini kwa sauti, ujaze oili nyepesi ya SAE 20 kwenye vizuizi vya juu, na usawazishe kabureta mbili kwa kipimo cha upepo, au kwa kusikiliza kwa kipande cha mpira kama huna kipimo. Ndipo uguse nati ya chini. Mwanzo wa kitabu ni kuikaza juu kabisa kisha kuishusha mizunguko miwili na nusu. Kwa Arusha utajikuta unaipandisha tena, robo kwa robo, zote mbili sawasawa. Pima kwa kuinua pistoni milimita moja: mlio ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi, injini ikitaka kuzima, ni kidogo, ukipanda kidogo kisha ukarudi, umefika. Moshi mjini iko chini, hewa yake imepungua kwa asilimia 8 hivi, kwa hiyo gari linaloishi Arusha na kushuka Moshi kila wiki lisetiwe likiwa na petroli inayozidi kidogo kile kiwango bora cha Arusha. Petroli ikizidi kidogo Arusha, hasara yake ni ya pampuni. Ikipungua Moshi kwenye joto, inatoboa pistoni.

Kuhusu kuchemsha, watu hukimbilia kuondoa thermostati. Usiondoe. Nissan, mtengenezaji wa Datsun, ilikuwa na thermostati ya kawaida ya nyuzi 82 na ya nchi za joto ya 76.5, hiyo ya pili ndiyo yetu. Muhimu zaidi ni kofia ya rejeta. Kwa mwinuko wa Arusha maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kofia iliyochoka, isiyoshika mgandamizo wa 0.9 kg/cm², inakupokonya nafasi yote iliyobaki. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho kimesababisha hedi za aluminiamu kupinda. Toa rejeta, ioshwe na fundi rejeta nje ya gari, na angalia kama feni yenye klachi ya oili inashika injini ikiwa moto.

Sehemu ya mwisho ni chini, na ndiyo inayoteswa na matuta kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe. Mkono wa chini wa sospensheni ya nyuma umeshikwa na pini moja ndefu inayopita ndani ya nyumba ya beringi. Baada ya miaka 50 pini hiyo imegandana na chuma kinachoizunguka. Fundi asiyelijua gari hili ataipiga nyundo mpaka ncha yake ivimbe, na hapo haitoki tena ila kwa mashine ya kusukumia. Mwaga mafuta ya kulegeza kwa siku kadhaa kabla, agiza pini mpya kabla ya kuanza, na kama haisogei kwa nguvu ya kawaida peleka mkono mzima kwa fundi mwenye presi. Ukiweka mpya, ipake girisi nzito.

Raba ya mbele ya difu ikipasuka, utasikia mgongano mzito kila ukitoa na kukanyaga mafuta, na difu itakuwa inainuka kila unapoondoka. Ibadilishe pamoja na bushi za upau wa nyuma wa difu. Krosi za shafti fupi zipigwe girisi kila unapobadilisha oili kama zina nipo. Kama hazina, nunua zenye nipo. Shokapu ziko ndani ya mirija na hubadilishwa kwa katriji. Ukizinunua, nunua pamoja na springi za urefu wa asili. Springi fupi zinazouzwa sana mtandaoni zimekusudiwa barabara za lami isiyo na tuta, na zikifungwa hapa, bomba la ekzosi na sinia ya oili ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kugusa chini. Kwa matairi, 195/70 R14 inakaa vizuri kwenye rimu za asili zenye nati nne na haigusi bodi.

Kabla ya mvua za vuli, fungua matundu ya maji chini ya waipa. Maua na majani ya mijakaranda huyaziba, maji yanasimama juu ya ukuta wa mbele, na kutu inaanzia mahali ambapo huwezi kuiona bila kung'oa bawa zima la mbele. Waya laini na ndoo moja ya maji vinatosha: mimina juu, uone yanatokea nyuma ya tairi la mbele pande zote mbili.